Stashahada au Shahada: Njia Mbili za Kuwa Muuguzi

Maneno ya hotuba kwa wazazi, walimu na vijana wa Osiri



Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatokapo, nyumba nyingi za Osiri hukesha zikihesabu. Kwanza huhesabiwa alama za mtoto, kisha huhesabiwa fedha. Na mtoto akiwa amefaulu vyema katika bayolojia na kemia, na moyo wake umeelekea kazi ya kuuguza wagonjwa, huzuka swali ambalo kwa wazee wa zamani halikuwako: je, aende chuo cha utabibu akasome stashahada, ambayo watu huiita diploma, au aende chuo kikuu akasome shahada, yaani digrii? Shangazi husema hivi, mjomba husema vile, na jirani mwenye mtoto Nairobi ana maneno yake pia. Yafaa swali hili lichunguzwe kwa utulivu, maana likijibiwa kwa pupa familia yaweza kuuza ng'ombe wake wote na kununua karatasi isiyotambuliwa na mwajiri yeyote.

Kwanza itazamwe kazi yenyewe. Jina la Osiri husikika upande wa Migori na upande wa Homa Bay, na riziki ya watu wa pande hizo hutoka shambani, ardhini au ziwani. Machimbo ya dhahabu ya Osiri-Matanda, katika Kaunti ya Migori, huvuta vijana wengi waingiao mashimoni kutafuta mawe yenye dhahabu. Huko juu mawe husagwa, na vumbi lake huingia mapafuni. Zebaki hutumiwa kukamata chembe za dhahabu, na mvuke wake, zebaki ichomwapo, ni sumu. Upande wa ziwa kuna malaria na kichocho, na virusi vya UKIMWI vimewapata watu wengi kuliko katika sehemu nyingi za Kenya. Si ajabu basi kwamba mnamo Septemba 2019 chanjo ya kwanza ya malaria ilizinduliwa nchini Kenya hapo hapo Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay. Sindano hizo za watoto hazikudungwa na mabwana wakubwa waliotoka Nairobi kuja kwenye sherehe. Mama akibeba mtoto wake mgongoni kwenda kuchanjwa, anayemkuta zahanatini ni muuguzi.

Na mara nyingi muuguzi huyo yu peke yake. Watu humwita sista, au humwita daktari hata kama yeye mwenyewe hukataa jina hilo. Asubuhi huchanja watoto, mchana hupima wajawazito, jioni hufunga jeraha la mchimbaji aliyeangukiwa na jiwe, na usiku huamshwa kwa sababu mwanamke ameletwa kwa bodaboda akiwa katika uchungu. Ni yeye anayeamua kama mama huyo azae hapo au apelekwe hospitali ya rufaa kabla damu haijamwishia njiani. Mzazi akiliweka jambo hili mbele ya macho yake, ataona kwamba anayechaguliwa masomo leo ndiye atakayeulizwa, usiku mmoja wa miaka ijayo, kama mtu ataishi au atakufa.

Sasa njia zenyewe. Njia ya stashahada humtoa mtu aitwaye muuguzi msajiliwa wa afya ya jamii, ambaye kwa herufi za Kiingereza hujulikana kama KRCHN. Masomo yake kwa kawaida ni ya miaka 3. Chuo kikubwa kuliko vyote katika njia hii ni Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, yaani KMTC, ambacho asili yake ni ya mwaka 1927 na ambacho kilifanywa shirika la serikali kwa sheria ya mwaka 1990. Chuo hicho kina matawi Homa Bay na Migori, karibu kabisa na nyumbani, ijapokuwa haifai kudhani kwamba kila tawi hufundisha kila somo. Ziko pia shule za uuguzi za hospitali za misheni, kama ile ya Waadventista huko Kendu Bay. Anayetaka njia hii hutakiwa awe na wastani wa C katika mtihani wa kidato cha nne, pamoja na alama zinazofaa katika lugha, bayolojia, na somo mojawapo miongoni mwa kemia, fizikia na hesabu.

Njia ya shahada ni ya chuo kikuu. Miaka yake ni 4 darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Wastani utakiwao ni C+, na C+ hiyo hutazamwa pia katika masomo ya sayansi, wala si katika jumla tu. Kwa watu wa pande za ziwa, vyuo vikuu vya Maseno, Kisii na Masinde Muliro cha Kakamega haviko mbali sana, na Baraton, katika Kaunti ya Nandi, ni miongoni mwa vilivyotangulia kabisa kufundisha shahada hii nchini. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza na stashahada ya juu ya uuguzi mwaka 1968, lakini shahada yenyewe haikuanza huko mpaka mwaka 1992. Kwa hiyo watu wanaodhani kwamba muuguzi bila digrii si muuguzi kamili wamesahau kwamba wauguzi waliozitunza wodi za Kenya kwa miongo mingi hawakuwa nayo. Bi. Eunice Muringo Kiereini, aliyekuwa Muuguzi Mkuu wa Kenya, alishika urais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi tangu 1981 hadi 1985, wakati ambapo Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa bado hakijatoa digrii hata moja ya uuguzi.

Njia hizi mbili zaonekana tofauti, lakini hukutana mlangoni mwa Baraza la Wauguzi la Kenya, ambalo husimamia kazi hii kwa mujibu wa Sheria ya Wauguzi ya mwaka 1983. Aliyesoma diploma na aliyesoma digrii wote wawili hawana budi kuandikishwa na Baraza wakiwa wanafunzi, kufanya mtihani wa Baraza, na kupewa leseni ambayo huhuishwa baada ya muda. Asiye na leseni hana ruhusa ya kumgusa mgonjwa, hata kama ana vyeti vinavyojaa sanduku.

Mabishano haya hayakuanzia Kenya, na kuna faida kutazama yalikoanzia. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Marekani ilikuwa na upungufu mkubwa wa wauguzi. Bibi mmoja mwalimu wa uuguzi, Mildred Montag, alitoa shauri mwaka 1951 kwamba wauguzi wafundishwe kwa miaka 2 tu katika vyuo vidogo vya mitaani, na mwaka uliofuata jaribio likaanzishwa katika vyuo kadhaa. Kusudi lake lilikuwa kwamba hao wawe wasaidizi wa wale wa chuo kikuu, kila mmoja na daraja lake. Lakini walipomaliza, walifanya mtihani ule ule na kupewa leseni ile ile, na hospitali zikawaweka katika kazi zile zile. Mwaka 1965 chama cha wauguzi wa Marekani kilitangaza kwamba mwanzo wa kazi hii uwe digrii. Zaidi ya miaka 60 imepita tangu hapo, na vyuo vya miaka 2 vingali vikitoa wauguzi kila mwaka. Jimbo la New York lilipata suluhisho la katikati mwaka 2017: muuguzi mpya aingie kazini na stashahada yake akitaka, lakini apate digrii katika muda wa miaka 10. Uingereza, kwa upande wake, ilifunga mlango kabisa, na tangu mwaka 2013 kila anayeanza uuguzi katika England husoma digrii.

Je, digrii humsaidia mgonjwa, au humsaidia mwenye digrii peke yake? Hapa ndipo maneno mengi husemwa bila ushahidi. Ushahidi ujulikanao zaidi ni wa Profesa Linda Aiken na wenzake, waliochunguza wagonjwa wa upasuaji katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania na kutoa taarifa yao mwaka 2003. Walikuta kwamba kila wauguzi wenye digrii walipoongezeka kwa asilimia 10 katika hospitali, uwezekano wa mgonjwa kufa katika siku 30 ulipungua kwa asilimia 5. Hilo si jambo dogo. Lakini mwaka uliotangulia watu hao hao walikuwa wamekuta jambo jingine, ambalo wapenda digrii hawalitaji sana: kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi alizidisha uwezekano huo wa kifo kwa asilimia 7. Yaani elimu huokoa maisha, na wingi wa mikono nao huokoa maisha. Tena Pennsylvania si Osiri. Hospitali zile zilikuwa na mashine, madaktari na dawa, na muuguzi hakuwa peke yake na taa ya simu usiku. Ni halali kusema kwamba elimu ndefu humjengea muuguzi uwezo wa kutambua hatari mapema. Si halali kumwambia muuguzi wa diploma aliyezalisha mamia ya watoto kwamba hajui kazi yake.

Ama kuhusu mshahara, tofauti ipo na haifichiki. Katika utumishi wa serikali mwenye diploma kwa kawaida huanzia ngazi H, na mwenye digrii huanzia ngazi K. Kwa kuwa katika mpango huo herufi I hairukiwi na mtu bali haitumiki kabisa, kati yao ipo J peke yake. Lakini daraja hilo moja la katikati laweza kumchukua mtu miaka kadhaa kulipanda. Vyeo vya juu vya usimamizi, na kazi ya kufundisha vyuoni, huzidi kudai digrii. Mtu aliye na miaka 18 leo atafanya kazi mpaka utu uzima wake, na haifai kumpimia maisha yote kwa mshahara wa mwezi wa kwanza.

Lakini mshahara wa ngazi K ni mshahara wa aliyeajiriwa. Tangu mwaka 2013 huduma za afya, isipokuwa hospitali kubwa za taifa, zimo mikononi mwa kaunti, na kaunti huajiri kadiri ya mfuko wake. Wako wauguzi waliofaulu na wenye leseni ambao wamekaa miaka bila kazi ya kudumu, wengine wakiwa wa diploma na wengine wa digrii. Wengi waliochukuliwa mwaka 2020 kwa ajili ya mpango wa afya kwa wote walichukuliwa kwa mkataba, na madai yao ya kuthibitishwa yamesikika mara nyingi barabarani. Wauguzi waligoma tangu Juni hadi Novemba 2017. Na mwenye digrii ana kizuizi kimoja zaidi: ule mwaka wa mazoezi. Ni lazima Wizara ya Afya impe kituo, na vituo vimewahi kuchelewa. Posho za wanaofanya mazoezi zilikuwa miongoni mwa sababu za mgomo wa madaktari wa Machi hadi Mei 2024. Mzazi anayehesabu miaka 5 yafaa aweke akiba ya muda, kama vile mvuvi anavyoweka mafuta ya ziada kabla hajatoka ufuoni.

Sasa yachukuliwe mambo mawili ambayo hutokea katika nyumba za Osiri.

La kwanza ni binti aliyepata B, ambaye amepangiwa nafasi ya uuguzi katika chuo kikuu. Baba yake ana wasiwasi, na wazee wanamwambia kwamba msichana apewe masomo mafupi, aanze kazi, asaidie wadogo zake, na digrii ziachwe kwa wavulana. Shauri hili ni baya. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu na ufadhili wa serikali hutolewa kwa kutazama uwezo wa nyumba, na nyumba maskini ndiyo iliyokusudiwa zaidi. Nafasi ya namna hiyo ikiachwa si rahisi kuipata tena, na akija kuitaka digrii akiwa na miaka 30, pengine ana watoto watatu na ada ni ya mfukoni mwake. Mkopo ni deni, ndiyo, na hulipwa. Lakini ni deni linalolipwa na mtu mwenye kazi. Binti kama huyo aende chuo kikuu.

La pili ni kijana aliyepata C, mtoto wa kwanza, ambaye baba yake amefariki na mama yake huuza omena. Yeye hawezi kuingia digrii moja kwa moja kwa alama hizo. Wapo watu watakaomshauri arudie kidato cha nne ili afikie C+, na wengine watakaomwambia kwamba diploma ni ya walioshindwa. Huyu naye anapotoshwa. Miaka 3 katika KMTC, iwe Homa Bay au kwingineko, humpa leseni na uwezo wa kujitegemea, na mlango wa digrii haujafungwa nyuma yake.

Maana hilo ndilo jambo ambalo wazazi wengi hawajaambiwa: diploma ni ngazi ya kupandia. Vyuo vikuu kadhaa huwapokea wauguzi wenye diploma na leseni, huyahesabu masomo yao ya kwanza, na huwafikisha kwenye shahada kwa muda wa miaka 2 au 2 na nusu. Chuo Kikuu cha Aga Khan huko Nairobi kimewapokea kwa miaka mingi wauguzi walio kazini, wanaosoma siku kadhaa za juma na siku nyingine kurudi wodini. Hesabu ikifanywa, aliyepitia njia hii hutumia miaka mingi kuliko aliyekwenda chuo kikuu moja kwa moja. Lakini sehemu kubwa ya miaka hiyo ameila mshahara wake, na wadogo zake wamekwisha kusomeshwa. Asiyetaka digrii anaweza pia kusoma stashahada ya juu katika jambo moja, kama vile utunzaji wa wagonjwa mahututi, chumba cha upasuaji, au magonjwa ya figo, akarudi akiwa fundi ambaye hospitali ya rufaa humtafuta.

Kenya imewahi kufanya jambo hili kwa idadi kubwa. Wauguzi wengi wa zamani walikuwa wa cheti, chini ya diploma, nao walifika zaidi ya 20,000. Kama wote wangetolewa kazini kwenda darasani, zahanati za vijijini zingefungwa. Basi mwaka 2005 shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi walianzisha mpango wa kuwafundisha kwa kompyuta huko huko walikokuwa wakifanya kazi, kisha wafanye mazoezi katika hospitali zilizochaguliwa. Muuguzi aliyezoea kalamu na daftari alijikuta akishika kipanya cha kompyuta, na maelfu yao walipanda daraja bila kuacha wagonjwa wao.

Wapo pia vijana ambao macho yao yameelekea ng'ambo, na si vibaya kusema wazi. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano juu ya wauguzi kwenda kufanya kazi huko. Nchini Marekani mtihani wa leseni ni mmoja kwa wenye stashahada na wenye shahada, na Wakenya wa njia zote mbili wameufanya na kufaulu. Lakini kila nchi, na huko Marekani kila jimbo, huwa na masharti yake, na masharti hubadilika. Digrii hupunguza maswali. Kijana asichague masomo kwa kutegemea ahadi ya wakala anayedai fedha kabla ya safari. Na asisahau kwamba bila miaka michache ya kazi halisi, hospitali nyingi za ng'ambo hazimtazami.

Limebaki jambo la mwisho, nalo ndilo linaloumiza watu zaidi. Katika miji mingi kuna nyumba za ghorofa zenye vibao vizuri vinavyotangaza masomo ya uuguzi ya miezi michache, bila kuuliza alama za bayolojia wala za lugha. Mwanafunzi hulipa, huvaa sare nyeupe, hupigwa picha, na mwisho hupewa cheti chenye nembo ya kung'aa. Anapokwenda Barazani huambiwa kwamba chuo hicho hakijulikani na kwamba hakuwahi kuandikishwa. Fedha hairudi. Pengine wengine humaliza wakiwa wasaidizi wa nyumbani wa kutunza wazee, ambayo ni kazi ya heshima, lakini siyo waliyoilipia.

Kwa hiyo kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, na iwe ni kwa diploma au kwa digrii, mzazi aulize maswali matatu chuoni na aombe majibu kwa maandishi: je, Baraza la Wauguzi limeidhinisha chuo hiki, na limeidhinisha somo hili hasa? Mwanafunzi ataandikishwa Barazani lini? Na mazoezi ya wodini yatafanyika katika hospitali ipi? Orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa huwekwa na Baraza lenyewe katika tovuti yake, na asiyeweza kuifungua kwa simu yake amwombe mwalimu wa sekondari iliyo karibu, au muuguzi wa zahanati, ambaye naye alipita njia hiyo hiyo.